Daftari la Sukhilala: Deni katika Filamu ya Mother India

Filamu ya Mother India, iliyoongozwa na Mehboob Khan na kutoka mwaka 1957, husifiwa zaidi kwa sababu ya mama: Radha, aliyechezwa na Nargis, anayevuta jembe kwa mabega yake na mwishowe anampiga risasi mwanawe kipenzi, Birju. Jina lenyewe linaelekeza huko, kwa kuwa Mehboob alilitwaa kwa makusudi kutoka kitabu cha mwaka 1927 cha Mmarekani Katherine Mayo, kilichowaudhi mno Wahindi, ili akijibu. Wanaoitazama hivyo hawajakosea. Ila ukiifuata hadithi tukio kwa tukio, utaona kwamba kinachoisukuma ni daftari la mkopeshaji. Mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa Sukhilala ili kugharamia harusi, naye hakujua kusoma. Shauri lilipofika kwa wazee wa kijiji, walimpa ushindi mwenye maandishi, na familia ikawa inatoa robo tatu ya mavuno kama riba, deni lenyewe likibaki palepale. Mengine yanazaliwa humo. Shamu, mumewe Radha, anapondwa mikono na jiwe kubwa wakisafisha ardhi ngumu ili wajikwamue, kisha anatoroka kwa aibu. Na Birju, aliyekua akiyachukia mahesabu asiyoweza kuyasoma, anayachoma madaftari na kumuua Sukhilala.

Wapo watakaosema Sukhilala ni kikaragosi tu, mtu mbaya ambaye kila hadithi humhitaji, na kweli Kanhaiyalal anamcheza kwa vituko. Lakini uchunguzi mkubwa wa mikopo vijijini uliofanywa India mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya fedha walizokopa wakulima zilitoka kwa wakopeshaji binafsi, na karibu asilimia 3 tu kwa vyama vya ushirika. Kikaragosi huyo basi ndiye aliyekuwa benki ya kijiji.

Pingamizi zito zaidi ni la mfereji. Filamu inaanza na Radha mzee akiombwa kuufungua, na inaishia hapohapo; je, si kusema kwamba taifa huru limekwisha kuitatua shida? Nadhani hapa ndipo Mehboob anapokwepa. Radha hamuui Birju kwa kuchoma madaftari wala kwa kumuua mkopeshaji, bali kwa kumteka Rupa, binti wa Sukhilala, siku ya harusi yake. Kesi ya riba inageuzwa ghafla kuwa kesi ya heshima ya kijiji, na katika kesi hiyo ya pili mtazamaji hana budi kuwa upande wa mama. Mfereji unaleta maji. Haugusi masharti ya mkopo, wala hakuna anayeuliza. Mehboob alikuwa amekwisha kuisimulia hadithi hii mwaka 1940 katika filamu ya Aurat, India ikiwa bado chini ya Waingereza. Katika toleo la pili mama akawa Nargis badala ya Sardar Akhtar, na Birju akawa Sunil Dutt badala ya Yakub. Waingereza walikuwa wameondoka tangu 1947. Sukhilala alichezwa na Kanhaiyalal yuleyule.