Elimu ya bure haifai kitu ikiwa lugha ni kufuli

JUZI mpwa wangu, mhudumu wa afya kijijini, alinionyesha kwenye simu mhadhara wa profesa mmoja wa ng’ambo kuhusu kisukari. “Ni bure kabisa, Mjomba,” akaniambia. “Lakini akina mama ninaowatembelea wataambulia nini hapa?”

Nilikosa jibu. Hata hivyo, swali lake lina historia ndefu.

Sir Thomas Gresham, mfanyabiashara tajiri wa London, alifariki mwaka wa 1579. Katika wasia wake aliagiza mapato ya Royal Exchange, soko alilolijenga, yawalipe maprofesa saba ili wawahadhirie wakazi wa jiji bila malipo. Masomo yalikuwa falaki, jiometria, tiba, sheria, dini, balagha na muziki. Mihadhara ilianza 1597. Chuo hicho, Gresham College, kingalipo, na siku hizi mihadhara yake hupatikana bure mtandaoni.

Kinachonivutia mimi ni lugha. Enzi hizo, msomi wa Ulaya alitarajiwa kutumia Kilatini. Lakini ilikubaliwa kwamba mhadhara usomwe kwa Kilatini kwa ajili ya wageni, kisha kwa Kiingereza, maadamu wenyeji wengi hawakujua Kilatini. John Bull, profesa wa muziki, aliruhusiwa kutumia Kiingereza pekee kwa sababu Kilatini hakikuwa kinampanda!

Je, elimu ilishuka hadhi? Thubutu! Henry Briggs, profesa wa kwanza wa jiometria pale, ndiye aliyetuachia logarithi za msingi wa kumi. Tena Novemba 28, 1660, baada ya mhadhara wa Christopher Wren, wasomi waliketi papo hapo wakaanzisha chama kilichokuja kuitwa Royal Society.

Mwaka wa 2001, chuo cha MIT nchini Marekani kilipotangaza kwamba kingeweka masomo yake mtandaoni bila malipo, wengi tulishangilia. Kizuizi cha ada kiliondoka, cha lugha kikabaki. Kiingereza, kilichokuwa kikibisha hodi enzi za Gresham, leo ndicho bawabu.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mbona 2020 tulilichukua neno barakoa, lililokuwa vazi la uso la wanawake wa pwani, na baada ya muda mfupi kila makanga akawa analitumia? Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, si kwa kusubiriwa.

Waama, nami nina hatia. Nimefundisha historia miaka zaidi ya thelathini, na mihadhara yangu yote iliyorekodiwa ni ya Kiingereza. Nimemwomba daktari mmoja, mwenzangu chuoni, tukae tuandae mhadhara wa nusu saa kuhusu kisukari kwa Kiswahili cha kueleweka. Wasikilizaji wa kwanza watakuwa wale akina mama. Wasipotuelewa, tutarudia.