Degedege Kati ya Handeni na Korogwe

Jina lenyewe lina mabawa. Katika Kiswahili dege ni ndege mkubwa, na pia ni nondo wa usiku aliyeogopwa na wazee. Akimpitia mtoto mchanga, ilisemwa, mtoto hukakamaa, macho yakageuka juu na povu likamtoka. Ugonjwa ulioletwa na kirukacho ulitafutiwa dawa kwa mganga: majani ya kuogeshea, mafukizo, hata moshi wa mavi ya tembo. Hospitali ilikuja baadaye, tena kwa sharti. Pwani na bara yake mama wengi walionywa kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa atakufa.

Ni rahisi kwa msomi kuicheka imani hiyo. Lakini mtoto aliyefikishwa wodini siku ya tatu, malaria iliyoleta degedege imeshampanda kichwani na fahamu zimemtoka, aliweza kufa saa chache baada ya kuchomwa. Mama aliona sindano, kisha akaona maiti. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, ila ilikosa siku mbili za mwanzo.

Siku hizo mbili ndizo zilizowapeleka watafiti katika wilaya za Handeni na Kilosa, Tanzania. Waganga walikuwa wakilaumiwa kwa kuchelewesha wagonjwa, na badala ya kuwahukumu kutoka mbali, watafiti waliwahoji 41 kati yao katika vijiji vinne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Wilaya hizo hizo zilishiriki, pamoja na maeneo ya Ghana na Bangladesh, katika jaribio la kidonge cha atesuneti, dawa ya malaria, kinachowekwa njia ya haja kubwa. Mgonjwa asiyeweza kumeza hupewa kimoja kijijini, kisha huanza safari ya hospitali. Hakuna sindano. Waliandikishwa wagonjwa 17,826, wengine wakipewa kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha.

Waliofika hospitali mapema hawakuonyesha tofauti kubwa. Tofauti ilijitokeza kwa wale ambao baada ya saa sita walikuwa bado hawajafika: waliokufa au kubaki na ulemavu wa kudumu walikuwa asilimia 1.9 kwa waliopata dawa, na 3.8 kwa wenzao. Jarida la Lancet lilichapisha hayo mwaka 2009.

Korogwe ilikuwa na somo lake. Hospitali ya Magunga, pamoja na Teule ya Muheza, iliingia katika jaribio la AQUAMAT lililoanza mwaka 2005 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Kwinini, dawa iliyotawala kwa muda mrefu, ilipambanishwa na atesuneti ya sindano. Kwinini hutundikwa kwenye dripu polepole, na inaweza kushusha sukari ya damu, jambo ambalo lenyewe huleta degedege. Atesuneti huchomwa kwa dakika chache tu.

Kazi hiyo ilidai mikono iliyofundishwa. Fahamu za mtoto zilipimwa kwa kipimo kilichobuniwa Blantyre, Malawi, miaka ya 1980: mpimaji hukandamiza kifua kwa vifundo vya vidole, au ukucha kwa penseli, akaangalia kama mtoto anausukuma mkono, analia, anafuata kitu kwa macho. Alama ni sifuri hadi tano. Mbili kushuka chini ni kuzimia. Ni elimu ya mfumo wa fahamu isiyohitaji mashine, na ukweli usemwe, kwa mganga mkuu wa wilaya ina faida zaidi kuliko warsha nyingi za hotelini.

Mwaka 2010 majibu yalitoka. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa atesuneti na 10.9 kwa kwinini. Degedege lililotokea wodini, 8.3 dhidi ya 10.1. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Somo chungu zaidi lilikuwa limetangulia, mwaka 2004. Katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali walipimwa upya, na vimelea vikaonekana kwa asilimia 46.1 tu. Homa ya uti wa mgongo nayo huja na joto na degedege. Dawa ya malaria haiigusi.

Na hata atesuneti haikutofautiana sana na kwinini kwa idadi ya watoto waliobaki na athari za ubongo. Tafiti za Kilifi, Kenya, na za Malawi zimeonyesha kwamba baadhi ya wanaopona malaria ya kichwa huanza kuanguka kifafa baadaye, wakiwa wamesharudi nyumbani, mbali na penseli ya mpimaji.