Watoto Waimbaji wa Kamina

Mgeni akishuka penye stesheni ya Kamina, pale ambapo njia ya reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikielekea Kasai hata Ilebo, nyingine ikienda Kabalo na ziwa Tanganyika, hawezi kukisia kwamba kutoka mji huu ilitoka sauti iliyosikika katika dunia nzima. Wala haikuwa sauti ya wakubwa. Ilikuwa sauti ya watoto wa shule.

Katika mwaka 1953 alifika hapa padre mmoja Mfransisko, Mbelgiji, jina lake Guido Haazen, aliyezaliwa mwaka 1921. Akapewa kazi ya kuangalia shule ya misioni. Siku zile katika shule nyingi za Kongo mtoto mwenye sauti nzuri alifundishwa nyimbo za Ulaya, naye alizishika vizuri kama kasuku, bila kujua kitu alichokuwa akiimba. Padre Haazen alipendezwa na nyimbo ambazo watoto walikuwa wamekuja nazo kutoka nyumbani, za ndoa, za kazi, za matanga, za askari na za kucheza. Ndipo akakusanya kundi la waimbaji, wavulana 45 wenye umri wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu 15. Kundi likaitwa kwa Kifaransa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule.

Hesabu hii twaiomba msomaji asiipite haraka. Walimu 15 kwa watoto 45 ni mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu. Sisi tunaofundisha katekisimu twajua darasa lenye watoto 60 na mwalimu mmoja aliyechoka. Mtoto mmoja wa nyuma akiwa na homa, mwalimu atajua lini? Lakini pale Kamina walimu waliimba pamoja na watoto, wakasafiri pamoja nao. Na katika Misa yao maarufu sauti ya pekee, ile inayotangulia na kubeba uzito wote, haikuwekwa juu ya mtoto. Ilikuwa ya mwalimu Joachim Ngoi, mtu mzima. Watoto waliitikia. Kila mtu aliyekulia Ubaluba ajua faida ya kuitikia: aliyechoka hupumzika kidogo, aliyesahau husaidiwa na jirani, na wimbo hauanguki. Ule mtindo wa wazee wetu ulikuwa tayari umewafikiria wadogo, kabla watu hawajaandika vitabu juu ya afya ya wanafunzi.

Misa hiyo ndiyo Missa Luba. Iliimbwa mara ya kwanza hapa Kamina tarehe 23 Machi 1958. Maneno yalikuwa ya Kilatini, maana ndiyo ilikuwa sheria ya Misa kwa wakati ule, lakini muziki ulikuwa wa kwetu. Kyrie imefuata kasala, wimbo wa maombolezo. Sanctus imejengwa kama wimbo wa Kiluba wa kuagana, Hosanna ni mwendo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei imetoka katika wimbo wa Bena Luluwa. Katika Credo, wanapofika neno la kusulubiwa kwa Bwana, waimbaji wanalia kama watu wanaolia kwenye kilio cha kijijini. Muziki huu haukuandikwa kwa nota. Mwimbaji alijua njia, kisha akatembea mwenyewe, leo hivi, kesho vingine kidogo. Kitabu cha nota kilitolewa Marekani mwaka 1964 tu, baada ya watu kuusikiliza katika santuri na kuuandika. Mtoto asiyeogopa kukosea huimba hivyo. Mtoto aliyepigwa rula kwa nota moja hawezi.

Mwaka ule ule wa 1958 kundi likaenda Ulaya, likaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, likaimba hata pamoja na Watoto Waimbaji wa Vienna. Tujaribu kuwafikiria watoto wa miaka tisa, waliozoea bukari na sombe, wakiimba usiku baada ya usiku mbele ya watu wasiowajua, katika nchi ya baridi. Wale wenzao wa Vienna walikuwa na desturi ya zamani sana iliyoanza mwaka 1498 chini ya mfalme Maximilian. Walikuwa na jumba lao la Augarten tangu mwaka 1948, wakilala, wakisoma na kuimba humo, na kwa likizo ya kiangazi walikuwa na nyumba yao ya mapumziko, wakacheze bila kuimba kwa amri. Waaustria wale walikuwa wamejifunza kwamba koo la mtoto si chuma. Watoto wa Kamina hawakuwa na jumba. Walikuwa na walimu wao.

Na Brussels haikuwa mahali pepesi. Maonyesho makubwa ya dunia, ambapo kundi letu liliimba, yalifunguliwa mwezi wa Aprili. Ndani yake Wabelgiji walikuwa wamejenga kijiji cha Kikongo, na mafundi wetu wakafanya kazi zao nyuma ya uzio, wakitazamwa. Wapo wageni waliowatupia ndizi. Mafundi hao hawakuvumilia: mwezi wa Julai waliacha kijiji, wakarudi kwao. Basi katika maonyesho yale yale Mkongo mmoja alitazamwa kama mnyama na mwingine akapigiwa makofi. Twajiuliza mtoto wa miaka kumi alielewa nini juu ya hayo, na nani alimweleza.

Baadaye mambo yakaharibika nyumbani. Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Kaskazini ya Katanga damu ilimwagika mpaka mwanzoni mwa mwaka 1963. Aliyekuwa na miaka 9 katika safari ya Ulaya alikuwa na 11 vita ilipoanza. Aliyekuwa na 14 alikuwa na 16, umri ambao kijana hupewa bunduki upesi. Kundi lilikwisha. Padre Haazen aliishi mpaka mwaka 2004.

Santuri, kinyume chake, ikaendelea kutembea bila wao. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini aliweka Gloria yao katika filamu yake ya Injili ya Mtakatifu Matayo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akatengeneza filamu iitwayo If, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo kubwa ya Cannes. Ni habari ya shule ya bweni ya Uingereza, yenye fimbo na dharau, wakubwa wakiwatesa wadogo, mpaka mwishoni wanafunzi wanashika silaha na kuwapiga risasi walimu na wageni. Kijana anayeteswa huko ana santuri moja anayoipiga tena na tena chumbani mwake: Sanctus ya watoto wa Kamina! Tumelifikiri jambo hili mara nyingi. Katika shule ya kitajiri, kitu pekee kinachompa mtoto nafasi ya kupumua ni sauti ya watoto wa shule ya misioni. Twaona mtengeneza filamu alisikia katika sauti ile kitu ambacho shule yake haikuwa nacho.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kujisifu. Mwaka mmoja tulitayarisha kwaya ya watoto wa parokia kwa Pasaka. Tuliwashika kila jioni baada ya masomo mpaka giza. Katika Misa ya usiku mtoto mmoja wa miaka kumi alilala usingizi akiwa amesimama, akaangukia mwenzake. Mama yake akatujia nje ya kanisa akasema, “Mwalimu, huyu mtoto hakukula tangu asubuhi. Alisema anaogopa kuchelewa mazoezi.” Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo watoto hula kwanza, hata kama ni muhogo wa kuchoma tu, na mazoezi hayapiti saa moja. Likizo iliyofuata tuliwaacha waende kambi ya siku tatu pamoja na vijana wa Kiro. Walipika, wakafua nguo zao, wakavua samaki wadogo sana ambao hakuna aliyeshiba. Hawakufanya zoezi hata moja. Waliporudi, kijana mmoja aliyekuwa akiimba kwa kunong’ona alitoa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo. Chama hiki, na kile cha Xaveri kilichoanzishwa Bukavu na Padre Georges Defour, vimefanya kazi hiyo katika Kongo tangu siku za Missa Luba yenyewe, lakini mara nyingi waongoza kwaya tumewaona kama watu wanaotuibia waimbaji.

Kwa habari ya muziki, Kanisa liliendelea mbele. Mtaguso wa Vatikano ulitamka mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada, na mwaka 1988 Roma ikakubali Misa ya desturi ya majimbo ya nchi yetu. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikarekodi upya Missa Luba. Ni watu wazima hao, na kazi yao ni safi. Hata hivyo anayetaka kusikia pumzi za watoto wakingojea zamu yao ya kuitikia, na arudi kwa santuri ya 1958.

Jina linalotajwa na kila mtu ni la Padre Haazen, kisha la mwalimu Ngoi. Wale 45 wametajwa kwa hesabu tu, nao ndio waliotunga nusu ya muziki kila walipofungua vinywa. Wengine waliokoka vita, wakaoa, wakazaa. Yawezekana babu wa msomaji mmoja alikuwa kati yao, na picha imo ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Mwenye picha au jina na alilete parokiani, nasi tutaliandika.