Majilio Pwani: Hospitali Kabla ya Mimbari

Anayetafuta msalaba wa kale Ndagoni atachoka bure. Kilichopo katika eneo hili la magharibi ya Mafia ni magofu ya Kisimani, mji wa Waislamu ambao Neville Chittick aliuchimba na kuchapisha habari zake mwaka 1961, na ambao bahari imeumega kidogo kidogo. Hata hivyo, swali ambalo Wakristo hulirudia kila Majilio, kama Mungu anaponya na anaponya kwa njia gani, si geni kisiwani humu. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake Mafia miaka ya 1960, ameandika kwa kirefu juu ya waganga, pepo na dua. Mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, wino ukikauka huoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Ukimshukuru mwalimu, atakujibu kwamba mponyaji ni Mungu, yeye ni sababu tu.

Ukatoliki ulirudi Unguja kwa njia inayofanana na jibu hilo, na ulirudi wakati wa Majilio. Mwishoni mwa Desemba 1860, siku chache kabla ya Noeli, padri Amand Fava aliwasili kutoka Réunion akiwa na mapadri wenzake, masista wa Mabinti wa Maria, na daktari wa upasuaji. Sultani Majid bin Said akawaruhusu kukaa. Misa ya Noeli ilisomwa, lakini kazi iliyowatambulisha mjini ilikuwa hospitali na karakana. Mimbari haikuwa na wasikilizaji. Vidonda na homa vilikuwa na wagonjwa tele. Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Antoine Horner, waliirithi misheni hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Wapo wanaosema hospitali ilikuwa chambo cha kuvulia waumini. Huenda, ila kama ni chambo, Unguja samaki waliokamatwa walikuwa wachache mno.

Kuelekea mwisho wa mwaka 1869 kipindupindu kikaingia Unguja. James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi mjini, alifuatilia njia yake akaiona ikishuka na misafara kutoka bara hadi Pangani, kisha ikapanda majahazi. Kilwa nayo ilipigwa. Maelfu walikufa. Hakuna aliyekuwa na dawa, si mzungu, si mganga, si mwalimu wa chuo. Kilichobaki ni kumnywesha mgonjwa, kumwosha, kumzika, na kuomba. Mwaka ule waliosali Majilio kanisani na waliosoma dua msikitini walikuwa wakiomba jambo lile lile.

Kwa Waanglikana wa misheni ya UMCA, jambo hilo lilikuwa na siku yake kwenye kalenda. Kitabu chao cha sala cha mwaka 1662 kiliweka kwa Jumapili ya tatu ya Majilio Injili ya Mathayo sura ya 11: Yohana Mbatizaji yuko gerezani, anatuma watu kumuuliza Yesu kama ndiye, na anapelekewa habari za vipofu wanaoona, viwete wanaotembea na wenye ukoma wanaotakaswa. Nadhani ni somo gumu kuliko linavyohubiriwa. Habari za uponyaji zinamfikia mtu ambaye hatafunguliwa. Anakatwa kichwa humo humo gerezani. Anaponywa mwingine, yeye anaambiwa tu.

Somo hilo lilikuwa na uzito wa pekee Mkunazini. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya uwanja ule ule, chini ya usimamizi wa Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu. Madhabahu ikasimama mahali panapotajwa kuwa pa nguzo ya kuchapia. Wengi waliouzwa hapo walipakiwa Kilwa na kupitishwa mlango wa bahari wa Mafia. UMCA ilijenga hospitali pia hapo Mkunazini, ikatibu kwa dawa na kuombea kwa sala, bila kuona haja ya kuchagua.

Karne iliyofuata ilileta mabishano. Edmund John, mlei Mwanglikana na ndugu wa askofu mkuu John Sepeku, aliombea wagonjwa mbele ya umati, akianzia Dar es Salaam, tangu mwaka 1972 hadi alipofariki 1975. Baadhi ya mapadri walishtuka: uponyaji ulikuwa umezoeleka wodini, si uwanjani.

Mwaka 2011 ukaja mshtuko mkubwa zaidi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, alinywesha watu dawa ya mizizi Samunge, Loliondo, kikombe kimoja kwa shilingi 500, foleni za magari zikienda kilomita nyingi. Alisisitiza kwamba nguvu haimo kwenye mti bali kwa Mungu, na kwamba kikombe hakifanyi kazi kisipotoka mkononi mwake. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mwalimu wa Mafia anajitoa na kubaki sababu. Masista wa 1860 walijitoa pia, zamu ikiisha mwingine akashika. Babu wa Loliondo alijiweka katikati. Alifariki Julai 2021, na kikombe kikaondoka naye.