Kanisa la Thogoto na Kijana Aliyetaka Majina Mawili

Wangapi mmeshapita Thogoto, pale karibu na mji wa Kikuyu, bila kujiuliza jina limetoka wapi? Wamisionari wa Scotland walihamia pale 1898 wakitokea Kibwezi. Wenyeji wakajaribu kutamka "Scot", ulimi ukakataa, likatoka "Thogoto". Yaani wazungu walikuja kubatiza watu, kumbe kijiji kikawabatiza wao kwanza! Ndiyo asili ya kanisa la Presbyterian pale, lile tunaloliita Church of the Torch.

Sasa kuna kijana mmoja, jina lake nitalitaja mwisho. Alifika misheni 1909, akasoma na kufundishwa useremala. 1914 ikafika zamu yake ya ubatizo, akasema anataka majina mawili, John na Peter. Akaambiwa chagua moja tu. Jamaa hakubishana. Peter si maana yake ni jiwe? Akaunganisha John na "stone", akabatizwa Johnstone. Ujanja huo!

Lakini si kila mzozo uliisha kwa kicheko. 1929 misheni ilitaka watu waahidi kuachana na tohara ya wasichana, na pia kuachana na chama cha siasa, Kikuyu Central Association. Ahadi ni kwa alama ya kidole gumba, watu wakaiita kirore. Wengi walikataa. Wakahama kanisa, wakatoa watoto shuleni, wakaanzisha shule zao wenyewe.

Niseme wazi: ukeketaji unaumiza wasichana, na sheria ya 2011 ya kuupiga marufuku naiunga mkono asilimia mia. Ila chama kiliingiaje hapo? Ukimlazimisha mtu achague kati ya meza ya Bwana na haki ya kudai shamba lake, unategemea nini? Na wasichana wenyewe, kwa pande zote mbili, nani aliwauliza?

Yule kijana je? Mwaka huohuo alikuwa London, ametumwa na chama hichohicho kupeleka malalamiko ya ardhi. Baadaye Johnstone akaliweka kando, akajiita Jomo. Ndiyo, Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya.

Haya, tuambiane ukweli: ungekuwa mwalimu Thogoto 1929, mshahara wako uko mikononi mwa misheni, ungeweka kidole?