Wacha manyoya, igiza baraza

Hebu cheki hii. Darasa la nne, jimbo la New York, Marekani. Somo ni Wairoquois, wenye hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Mwalimu anataka watoto waigize. Wengi hukimbilia kofia za manyoya walizoona kwa muvi na rangi usoni. Manze, hapo somo limekufa.

Cha kuigiza ni baraza lao. Gawa darasa mara tano: Mohawk, Seneca, Oneida, Cayuga na Onondaga. Wape swali gumu. Mohawk na Seneca wanaongea kwanza, wanawapitishia Oneida na Cayuga, halafu Onondaga, walinzi wa moto, wanathibitisha. Hakuna kupiga kura, mnaongea mpaka mkubaliane. Na chifu? Anachaguliwa na mama wa ukoo, na akizingua, mama huyo huyo anamtoa. Msichana wa miaka tisa akipewa hiyo nafasi hata dakika kumi, hasahau.

Kuna kitu hafai kuigiza, though lazima aambiwe. Mwaka 1779 jeshi la George Washington lilichoma zaidi ya vijiji 40 vya hawa watu, pamoja na mashamba yao ya mahindi.

Na wasidhani hadithi iliishia hapo. Mwaka 2010 timu yao ya lakrosi, mchezo wa mababu zao, ilikosa mashindano ya dunia kwa sababu Uingereza ilikataa pasipoti za Haudenosaunee. Wangekubali za Marekani wangecheza. Walikataa. Baraza lao bado linakaa hadi leo.

Wewe historia ulifunzwa aje, ama ilikuwa kukariri tarehe tu?