Mwingiliano wa dawa za VVU kwa vijana na wazee, Karagwe na Kyerwa

Mwingiliano wa dawa ni hali ambapo dawa moja inazidisha, inapunguza au inaharibu kazi ya dawa nyingine mwilini. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jambo hili linawagusa sana watu wanaoishi na VVU, maana wao humeza dawa kila siku, na juu yake huongeza za malaria, kifua kikuu, presha, sukari au maumivu ya viungo.

Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage. Wakati huo Karagwe ilikuwa wilaya moja. Kyerwa ilimegwa kutoka humo mwaka 2012. Miaka ishirini hivi ilipita bila tiba ya kuwafikia wanyonge, hadi Serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza VVU (ARV) bila malipo mwaka 2004. Matunda yake yanaonekana kwenye mabenchi ya kliniki za tiba na matunzo (CTC): bibi aliyeanza dawa akiwa bado mama wa makamo ameketi karibu na kijana aliyezaliwa na virusi. Huenda wanameza kidonge kilekile, lakini yanayowatishia hayafanani.

Kidonge hicho ni TLD, muunganiko wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kilichoanza kutumika Tanzania mwaka 2019. Humezwa kimoja kwa siku, hufubaza virusi haraka, na hakigombani na dawa mseto ya malaria. Efavirenzi iliyotangulia ilikuwa na ugomvi zaidi: ilishusha kiwango cha dawa mseto mwilini na kudhoofisha vijiti vya uzazi wa mpango, hata wanawake wengine wakapata mimba wasizotarajia.

Kwa wazee shida kubwa ni wingi wa dawa. Mwenye kisukari anayetumia metformini anapaswa kujua kwamba dolutegraviri huipandisha metformini katika damu. Kwa kawaida dozi yake haizidishwi miligramu 1,000 kwa siku. Tenofoviri hupita kwenye figo, na mkulima wa kahawa aliyechoka magoti akimeza dawa ya maumivu ya diklofenaki wiki baada ya wiki, figo hizo hubeba mizigo miwili. Waliohamishiwa dawa za mstari wa pili (baada ya zile za kwanza kushindwa) zenye ritonaviri wako kwenye hatari nyingine: ritonaviri huongeza nguvu ya amlodipini, dawa ya presha, presha ikashuka kupita kiasi na miguu ikavimba.

Kiungulia nacho kisidharauliwe. Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. TLD imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Mara nyingi vidonge hivi hununuliwa duka la dawa muhimu, vikahesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ya kaki isiyoandikwa jina la dawa. Mzee akifika kliniki na kuulizwa anatumia dawa gani nyingine, hujibu, "Hakuna." Hadanganyi; kwake hicho si dawa, ni kitu cha kutuliza tumbo. Kwa maoni yangu hapa ndipo madhara mengi yanapopenya, kwa sababu kadi ya CTC haiwezi kuonyesha kisichotajwa. Mitishamba iko hivyohivyo. Mubirizi na majani mengine machungu hunywewa nyumbani bila kipimo, na anayeyatumia huona aibu kuyataja mbele ya daktari.

Kwa watoto na vijana, la kwanza ni uzito. Dozi hufuata kilo, kwa hiyo mtoto asiyepimwa kila ahudhuriapo anaweza kubaki kwenye dozi ya mwaka jana. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni au kabamazepini anahitaji uangalizi wa karibu, kwani zote mbili huimaliza dolutegraviri upesi. Binti mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, navyo huishika dolutegraviri kama magnesiamu, isipokuwa akivimeza pamoja na chakula. Mwanafunzi wa bweni, kwa upande wake, hukwama zaidi kwenye usiri: akiogopa kuonwa, huruka dozi, na virusi vikapata nafasi ya kuwa sugu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Kumeza dawa kila siku bila mtu mzima anayejua ni kazi ngumu zaidi kuliko kupima.

Kifua kikuu hakichagui umri. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hushusha dolutegraviri kwa nguvu, hivyo mtu mzima huongezewa kidonge cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na huendelea nacho wiki 2 baada ya kumaliza dawa za kifua kikuu. Kukiacha mapema ni kosa la kawaida, kwa kuwa mgonjwa huwa amekwisha kupona kikohozi.

Mwenye kutumia ARV asiziache wala asibadili dozi kwa uamuzi wake. Siku ya kliniki atie mfukoni dawa zote za nyumbani, za dukani na za mitishamba, azimwage mezani mbele ya mhudumu, na aulize ipi imezwe saa ngapi.